Makosa ya Herufi na Sisi Tuyasahihishao

Nataka kusema neno juu ya ugonjwa mmoja tulio nao walimu wengi. Si homa wala si kikohozi. Makao yake ni machoni. Mtu mwenye ugonjwa huo hawezi kupita mbele ya kibao cha duka asisimame. Wenzake huona bei ya sukari. Yeye huona kwamba sukari imeandikwa "sukali". Wenzake huingia kwa kinyozi wanyolewe; yeye husimama mlangoni akisoma "Hapa tunanyoa ndefu," akijiuliza ni ndefu zipi hizo, maana zile za kidevuni huitwa ndevu. Hata kanisani, Mungu anisamehe, tangazo likibandikwa mimi hulisoma mara mbili: mara ya kwanza kutafuta kosa, mara ya pili kujua mkutano ni saa ngapi.

Sitaki kujifanya kwamba jambo hili lanihuzunisha. Watu husema, "Mwalimu anaumia sana akiona lugha yaharibiwa." Si kweli. Mwalimu anafurahi. Kupata kosa katika maandiko ya mtu mwingine kuna utamu kama wa kuokota sarafu njiani, na utamu ule huzidi kama mwandishi ni mtu mkubwa, au kama kosa lenyewe limekwisha pigwa chapa wala haliwezi kufutwa tena. Kwa hiyo nataka kuyapima makosa yenyewe, kisha kutupima sisi tuyasahihishao, kwa kuwa nimeona kwamba aghalabu twayashambulia yasiyodhuru, na lile lidhurulo hupita salama mbele ya macho yetu.

Nianze na r na l, ndugu wawili wagombanao kila siku katika madaftari. Mkikuyu katika lugha ya mama yake anayo r, wala hana l. Msukuma anayo l, wala hana r. Kila mmoja akija katika Kiswahili huja na ile aliyonyonya kwao, na sikio lake halioni tofauti mpaka lifundishwe. Basi kosa hilo si ujinga wala si uvivu. Walakini Kiswahili hakitoi msamaha. Kalamu yaandika, karamu yaliwa. Fahali ni ng'ombe dume, fahari ni utukufu. Mahali ni pa kukaa, mahari ni mali atoayo mchumba. Na mtu akiandika, "Tumekosa mahari pa kufanyia arusi," wazee wa upande wa pili watakunja nyuso, hali yeye alitaka kusema kwamba uwanja umejaa maji. Wakati wa uchaguzi nimesoma kwa macho yangu tangazo la kuwaita watu wakapige kula, na nadhani wenye njaa walilifahamu upesi kuliko wengine.

Ziko tena zile sauti tulizozipokea pamoja na maneno ya Kiarabu, yaani dh na th na gh. Mtu wa bara huandika zambi, selasini, gafla. Makosa haya hayampotezi msomaji. Anayenichekesha, tena kunihuzunisha kidogo, ni yule aliyekwisha kuchekwa kwa ajili ya z yake. Huyo hukata shauri asichekwe tena, akatia dh kila mahali: dhawadi, dhamani, dhiwa. Ndipo twasoma habari za serikali kugawa "dhana za kilimo", kana kwamba wakulima wamepewa mawazo badala ya majembe, maana jembe ni zana, na dhana ni jambo la kichwani. Ndipo pia fundi seremala huandika mlangoni kwamba auza "thamani za nyumbani", hali vitanda na viti vyake ni samani. Kosa la kwanza lilitoka katika ulimi wa mama. La pili limetoka katika hofu, na hofu hiyo tumeipanda sisi.

Kuhusu kuunganisha maneno (kwasababu, kwahiyo, nakadhalika) na kuyatenga (ana soma, wame kuja) sina maneno mengi. Yanauma jicho, hayaumi maana. Ukumbusho mmoja tu kwa ajili ya ng': mtu akisahau alama ile juu ya ng'ombe, ng'ombe hafi, lakini afadhali aiweke, maana kung'oa ni kazi ya jino, na ngoa ni wivu.

Sasa nije kwenye h.

Wengi wetu h haikai vinywani mwetu. Twasema apa, uyu, abari. Na aliyekaripiwa kwa kuidondosha huichomeka penye neno lisiloihitaji, akasema hasali badala ya asali. Mimi nami niliihesabu kuwa jambo dogo la kucheka, hata siku iliponiadhibu.

Miaka mingi iliyopita dada yetu alikuwa karibu kuolewa. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi mjini, na mjomba wetu mkubwa, ndugu yake mama, alikaa huko huko. Kwetu arusi haiendi bila mjomba. Yeye ndiye ampaye bibi arusi maneno ya mwisho kabla hajatoka mlangoni kwao. Mama akaniagiza nimwandikie mdogo wangu, amwulize mjomba kama atafika. Majibu yakaja, kurasa mbili, kwa penseli. Mama hakujua kusoma, basi nikaipokea mimi, na kabla sijamsomea nikatoa kalamu yangu nyekundu. Nikapiga mstari chini ya "abari". Nikapiga mstari chini ya "apa mjini" na "siku izi". Halafu nikafika penye maneno haya: "Mjomba nimemwona, anaumwa miguu, nae atakuja kwenye harusi." Nikaisahihisha "nae" iwe "naye". Nikaifikiri "harusi", nikakumbuka kwamba neno hilo katika Kiarabu halina h, na kwamba vitabu vyetu vya shule viliandika arusi; nikaifuta h ile kwa furaha kubwa. (Siku hizi kamusi zayakubali yote mawili, lakini mimi nilikuwa kijana.) Kisha nikamsomea mama: mjomba anaumwa miguu, naye atakuja.

Mama akamtengenezea chumba. Akafunga mbuzi wa mjomba peke yake. Siku ya arusi gari la kwanza likaja, na la pili likaja. Mchungaji akangoja kanisani tangu saa nne hata saa nane. Wali ukakauka. Watu wa upande wa bwana arusi wakaanza kunong'ona kwamba mjomba amekasirika juu ya mahari. Mama alikaa kando ya njia, hataki mtu amwambie neno. Mwishoni baba mdogo akasimama mahali pa mjomba, na dada akatoka mlangoni akilia, wala si kile kilio cha desturi.

Juma lililofuata mdogo wangu akaja, akashangaa kusikia tumemngoja mtu ambaye yeye aliandika kwamba hatakuja. Nikaitwaa barua, nikaisoma tena. H niliyoifuta katika harusi ilikuwa mali ya neno la pili nyuma yake. Katika mstari ule mdogo wangu alikuwa na h moja tu, akaiweka pasipo pake, nami nikaiondoa nikajisifu.

Msomaji atazame jinsi jambo lilivyo. Katika nafsi ya tatu ya umoja, Kiswahili husema ndiyo kwa a- na siyo kwa ha-: atakuja, hatakuja, angeweza, hangeweza. Pumzi moja ya h yasimama kati ya ndiyo na siyo, wala hakuna kitu kingine cha kuisaidia. Katika "aiuzwi" h imepotea, lakini ile i ya mwisho yabaki kuonyesha kwamba kitu hakiuzwi. Katika "atakuja" hapana kilichobaki. Tena, "abari" si neno. Hakuna awezaye kuisoma akakosa kufahamu, maana kosa linalozaa neno lisilokuwapo hujitangaza lenyewe, kama mbwa aingiaye kanisani. Bali "atakuja" ni neno zuri, limeandikwa sawasawa, na jicho la msahihishaji lililipita likiliamkia. Nilitafuta maneno mabaya, na lililotuharibia siku lilikuwa neno jema. Nami nilimjua mdogo wangu tangu utoto, nilijua h haikai kinywani mwake. Mtu asiyejua kusahihisha, lakini amjuaye mwandishi, angeuliza.

Wapiga chapa nao yamewapata. Mwaka 1631, huko London, Robert Barker na Martin Lucas walitoa Biblia ya Kiingereza ambayo katika amri ikatazayo uzinzi neno dogo la kukana lilisahauliwa, hata ikawa watu wanaamriwa kuzini. Wakatozwa faini ya pauni 300, wakanyang'anywa na ruhusa ya kazi yao. Katika ukurasa ule kila neno lililobaki lilikuwa limeandikwa sawa. Kwa Kiingereza lilipotea neno zima. Kwetu ingetosha kupotea "si", silabi moja katikati ya tendo.

Lakini sijasema lililo baya zaidi. Mdogo wangu aliporudi mjini nilimpa barua yake aichukue, pamoja na mistari yangu myekundu, kama mwalimu arudishavyo daftari. Nilidhani namsaidia. Baada ya hapo haikuja barua nyingine kwa miaka mitatu. Fedha alimletea mama kwa mikono ya watu, na salamu kwa midomo yao. Mama akaniuliza kama mwanawe amekuwa mgonjwa. Ndipo jirani mmoja aliyetoka mjini akatwambia, "Anasema kaka yake ni mwalimu, naye hajui kuandika." Makosa yale yalikuwa kumi na manne; niliyahesabu mwenyewe siku ile, nikaandika jumla yake chini ya ukurasa.

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, imo habari ya watu wa Gileadi walioshika vivuko vya Yordani, wakawapima Waefraimu kwa neno moja, Shibolethi. Asiyeweza kuitamka sh, akasema s, aliuawa papo hapo. Na hesabu ya waliokufa ni watu 42,000. Habari hii nimewafundisha watoto mara nyingi bila kujiuliza mimi nimesimama upande gani wa kivuko.

Mtu wa pili aliyenifundisha alikuwa mzee wa kanisa, mtunza sadaka. Katika daftari lake aliandika siku zote "fetha". Mara moja nikakalia daftari lile, nikazigeuza fetha zote kuwa fedha. Mzee hakusema neno. Jioni akaja nyumbani, na mkononi ana kitabu kilichofungwa katika kitambaa, alichokirithi kwa babu yake, cha chapa ya Unguja. Nikamwamkia, akaketi, akakifungua. "Mwalimu," akasema, "nisomee hapa." Nikasoma: fetha. "Na hapa?" Nikasoma: thahabu. Akakifunga kitabu, akanywa uji, akazungumza habari za mvua.

Mzee alikuwa na haki. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, aliandika th kwa sauti zote mbili, ile ya thamani na ile ya fedha, na waliosoma katika vitabu vya misheni ya Unguja waliandika hivyo kwa usahihi kabisa. Kabla yao Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu tu za vokali, hata e na i zikatumia alama moja, na o na u hali kadhalika. Hata hivyo walizisoma tenzi zao, maana waliyajua maneno. Mwandiko huu tunaoupigania leo ulikatwa shauri na watu. Mwaka 1928 palikuwa na mkutano Mombasa, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Wajumbe wake wa kwanza walikuwa Wazungu. Walifanya kazi njema, nami sina ugomvi nayo. Kama kila mmoja angeandika apendavyo, vitabu vya shule vingekuwa mnara wa Babeli. Lakini mzee wangu hakukosea herufi. Alikuwa mtiifu kwa mwalimu wa zamani kuliko wangu.

Tena tusisahau kwamba mwandiko wetu sanifu wenyewe huacha mambo. Watu wa pwani hutamka paa wa porini kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi; vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Masikio yao yasikia maneno mawili, na vitabu vyetu vyaandika moja. Mtu wa Lamu akitaka kutucheka sisi walimu wa bara, pamoja na kamusi zetu, anazo sababu nyingi, na ni kwa adabu yake kwamba ananyamaza. Kuhusu asante na ahsante sitaki kuanza, maana nimewahi kupoteza jioni nzima pamoja na mwalimu mwenzangu juu ya h ile, hata mwenye nyumba akazima taa.

Kuna watakaosema kwamba hatari kubwa ya sasa ni vijana, waandikao katika simu zao "xaxa" badala ya sasa na "cjui" badala ya sijui. Mimi siwaogopi hao. Wanajua neno ni lipi, wanacheza nalo. Na ukimpa kijana huyo karatasi ya mtihani, aghalabu huandika sasa. Nimwogopaye ni mtu mzima mwenye jambo la kusema, aliye na penseli na karatasi mbele yake, akaliweka jambo lake moyoni kwa sababu hana hakika kama ni r au l.

Msidhani kwamba nimeacha kazi. Daftari likija kwangu, bado nalisahihisha. Lakini sihesabu tena makosa, wala siandiki jumla. Nikiona neno lisilokuwapo, naliandika vizuri pembeni kwa penseli, basi. Nikimjua mtoto kuwa wa kudondosha h, nayatafuta yale maneno yaliyo sawa: nikiona "atakuja" au "angeweza", namwita mezani, namwambia, "Nieleze kwa maneno yako, je, huyu mtu yuaja au haji?" Mara nyingi jibu lanishangaza. Vivyo hivyo kwa mtoto wa r na l: namwuliza kama kalamu hiyo inaandika au inaliwa. Wote hucheka, na yeye hucheka pamoja nao, maana ni maneno yaliyochekwa, si yeye. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kalamu nyekundu. Darasa la watoto sitini haliruhusu kila siku, nakiri.

Na ule utamu wa kuokota sarafu haujanitoka. Mwezi jana, katika kitabu kimoja kilichopigwa chapa vizuri, nilikuta "ng'ambo" bila alama yake, nikakaa nayo moyoni siku mbili kama mtu aliyepewa zawadi.

Mdogo wangu alirudi kuandika mwaka wa nne. Mama ndiye aliyemrudisha. Aliniambia nimwandikie kwamba mama yake ameikosa "abari", naye aitaka kama ilivyokuwa, bila kubadilishwa. Nikaandika hivyo hivyo, pasipo h, kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono ulikuwa mzito. Barua ikaja baada ya majuma mawili. Tangu siku ile sikuweka alama katika barua yake hata moja.

Sasa sote tu wazee, na yeye hutuma maneno kwa simu. Mwaka jana, karibu na Krismasi, alinijulisha habari za mwanawe wa kwanza: "Kaka, kijana amepata likizo fupi, atakuja uko kwako." Nikaitazama ile "uko" nikaiacha. Nikaitazama ile "atakuja", nayo ilikuwa nzuri kabisa. Nikamwuliza, "Yuaja au haji?" Akajibu kwa neno moja: "Aji." Nikamwambia mke wangu asitandike kitanda.